Usiachie Mpaka Usikie

Habari ya kifo cha Mugisho niliipata nikiwa nimepiga magoti. Nilikuwa natoa hewa kwenye breki ya mteja, peke yangu, kwa chupa na mrija wa plastiki, kama nilivyojizoeza kwa miaka mingi, na mwenye pikipiki alikuwa amesimama juu ya kichwa changu akipiga domo. Alikuwa ametoka Walungu asubuhi hiyo. Alinieleza barabara ilivyoharibika, maharage yalivyopanda bei, kisha akasema kwa sauti ileile kwamba fundi wao wa pikipiki walimzika Alhamisi. "Si ni yeye alikuwaka anatutuma kwako," akasema. "Ule Mugisho. Mutu akileta mambo ya frein, anamwambia: kwenda Bukavu, kwa Maman Frein." Maman Frein, yaani Mama Breki, ni mimi. Nilikuwa na ufunguo mkononi, juu ya ile bisi, skrubu ndogo ya kutolea hewa, nikaendelea kuikaza, nikaikaza, mpaka ikakatika. Nikamwambia mteja aende akanywe chai, nitamtafutia nyingine.

Watu wakiandika maisha yao huanza na babu zao. Babu zangu hawakugusa breki hata siku moja, kwa hiyo nitawaacha walale. Nilivyoolewa baadaye, nilivyozaa, nilivyokuja kuwa na karakana yenye jina langu juu ya mlango, hayo nayo si ya sura hii. Sura hii ni ya mwaka mmoja tu. Leo nimepita arobaini na mvi nazificha chini ya kitambaa. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikumjua mwanamke mwingine katika Kadutu nzima, mtaa wetu wa Bukavu, aliyeshika ufunguo wa fundi. Ni sura ya kosa moja pia, kosa ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani kuna mtu mmoja anayelijua bila kuambiwa, na dhana hiyo ndiyo iliyonifanya niweze kulala.

Karakana ilikuwa Cimpunda, juu, pale barabara inapoanza kushuka. Kilikuwa chumba kimoja cha mbao, na nyuma yake, upande wa pili wa ukuta wa mbao hizohizo, jiko la Maman Vumilia, mke wa bosi wetu. Ukuta ule ulibandikwa makartoni ili moshi usipite, lakini moshi ulipita, na harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaangwa ilipita, na maneno ndiyo yaliyopita kuliko vyote. Sisi tulijua nani mtaani amegombana na mkwe wake, na Maman Vumilia naye aliyajua matusi yetu yote. Bosi alikuwa Muzee Barhonyi, mtu mfupi, mpole, mwenye koti la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka. Alinipokea mwanzoni mwa mwaka baada ya mafundi watatu kunicheka. Wao walisema mwanamke anaweza kuosha mnyororo, labda na kubadilisha mafuta, lakini breki hapana, breki ni roho za watu. Muzee alinitazama mikono. "Frein haiulizake kama ni mwanaume ao mwanamuke," akasema. "Inauliza kama unasikia." Akanionyesha kibao cha kukalia, kando ya Mugisho.

Mwaka ule kila mwendesha pikipiki wa Bukavu alitaka breki ya disiki. Pikipiki zilizokuwa zinaingia mjini zilikuwa nyepesi, za mtu wa kawaida, na gurudumu lao la mbele lilikuwa na breki ya tamburu, ile iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Kwa mji wa tambarare ingetosha. Kwa mji wetu, ambao mtu akienda kununua mkate anashuka kilima na akirudi nao anapanda kingine, haikutosha. Na mvua ikinyesha ndiyo kabisa, unafinya na pikipiki inaendelea na safari yake. Basi watu walinunua vipande vya pikipiki kubwa zilizokufa, zile za mapadri na za mashirika, wakatuletea wamevifunga kwenye gazeti: disiki, pompu ndogo ya kwenye usukani, na etriye, yaani ile taya ya chuma inayobana disiki. Kazi yetu ilikuwa kuoanisha vitu visivyojuana. Etriye ya aina moja, uma wa mbele wa aina nyingine, pompu ya aina ya tatu. Muzee alitengeneza vishikizo vyake kwa chuma cha springi za malori makuukuu, akipiga tupa asubuhi nzima, anapima kwa jicho, anapiga tena. Alikuwa na kanuni zake. Etriye kubwa kwenye pompu ndogo, mkono wa breki unazama mpaka kwenye usukani. Etriye ndogo kwenye pompu kubwa, ni kama kufinya jiwe. "Musizioleshe kwa nguvu," alikuwa anasema. "Zitaachana mu mteremuko."

Etriye za kuazima zilikuwa na shida moja, na ndiyo inayobeba hadithi hii. Nyingi zilitoka upande wa kulia wa pikipiki kubwa, nasi tulizifunga upande wa kushoto wa pikipiki ndogo, kwa hiyo zilikaa kichwa chini. Bisi ya kutolea hewa, ambayo inatakiwa iwe juu, ikawa chini. Na hewa haishuki, inapanda. Ukiitafuta chini huipati, inabaki ndani, na breki yenye hewa ni breki ya uongo. Siku hizi etriye zinakaa sawa na chupa yangu inatosha. Wakati ule ilibidi etriye ifunguliwe, mtu mmoja aiinue mkononi bisi ikitazama juu, na kijiti katikati ya plakete, vile vibao viwili vinavyobana disiki, huku mwingine amekaa kwenye pikipiki ameshika mkono wa breki. Wa kwenye usukani anafinya mara tatu, anashikilia, anasema, "Minakamata." Wa chini anafungua bisi kidogo, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga, anasema, "Achiya." Hapo tu ndipo wa juu anapoachia. Akiachia kabla, bisi ikiwa bado wazi, au wa chini akichelewa kuifunga, breki inavuta hewa upya, na kazi yote imeharibika bila alama yoyote kwa nje. Siku yangu ya kwanza Muzee alinirudia neno hilo labda mara kumi: usiachie mpaka usikie.

Mimi nilikaa kwenye usukani, Mugisho alikaa chini. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu kupita kiasi kwa chumba kile, amezoea kuinama hata akiwa nje. Hakuwa mwongeaji. Lakini maneno yale mawili tuliyasema siku nzima, minakamata, achiya, minakamata, achiya, na mtu mzima anayesoma hapa atanielewa nikisema kwamba baada ya miezi michache hayakuwa tena maneno ya kazi tu. Nilijua kwa "achiya" yake kama amelala vizuri. Nilijua kama ameudhika. Siku moja ya mwezi wa tano alifunga bisi akanyamaza, mimi nimeshikilia, kiganja kinaniuma, yeye ananitazama tu kutoka chini na mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Nikamwuliza, "Juu ya nini husemi?" Akajibu, "Nilitaka kuona kama utangoja." Nikamwambia ana kichaa. Lakini nilikuwa nimengoja, na sote wawili tulijua kwamba nimengoja.

Sheria nyingine ya Muzee ilikuwa ya mteremko. Aliyekaa kwenye usukani wakati wa kutoa hewa ndiye aliyepanda nyuma ya mwenye pikipiki mara ya kwanza, kutoka mlangoni kwetu hadi chini karibu na soko, na kurudi. Mkono uliosema breki ni nzima, alisema Muzee, uende pamoja na mwili wake. Na hakuna aliyekula kabla wa mteremko hajarudi. Maman Vumilia alisonga bugali, akapanga sambaza na sombe, yaani kisamvu, akafunika kwa sahani, akaketi kwenye kibao kusikiliza injini. Nilishuka mteremko ule mara nyingi, nyuma ya wanaume nisiowajua, na kila niliporudi nilimkuta Mugisho mlangoni akijifanya anatafuta ufunguo wa nane. Kisha tulinawa, tukala sahani moja wote wanne. Mugisho alinisogezea sambaza wakubwa bila kunitazama, Muzee akajifanya haoni, Maman Vumilia akacheka ndani ya kikombe. Tangu hapo nimealikwa kwenye meza kubwa, katika majumba ya matajiri huko Ibanda yenye madirisha yanayotazama ziwa, na sijala tena chakula kitamu hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa kumi, mchana, mvua imejikusanya upande wa mlima Kahuzi. Pikipiki ilikuwa ya mwendeshaji mmoja aliyeitwa Aganze, mtu wa haraka, aliyetaka kushuka kabla matone hayajaanza. Tulikuwa kwenye duru ya mwisho. Mugisho ameinua etriye, mimi nimefinya mara tatu, nimesema minakamata, amefungua bisi. Upande wa pili wa ukuta Maman Vumilia alikuwa na jirani, wanachambua maharage. Nilisikia maharage yakianguka kwenye sufuria. Jirani akauliza, "Na ule kijana wenu murefu, ataoa lini?" Maman Vumilia akajibu, "Ule? Kwabo Walungu balisha kumupatia bibi. Baba yake alikuya hapa wiki ilipita, alisema ngombe ziko tayari." Jirani akashusha sauti. "Na huyu mutoto mwanamuke wa hapa?" "Ee, maskini," akasema Maman Vumilia. "Huyu hajuwe kitu."

Mkono wangu ukalegea. Sikuamua. Vidole vilifunguka vyenyewe kama vya mtu anayesinzia, na nikausikia mkono wa breki ukirudi mahali pake kabla sijasikia neno. Sekunde hiyohiyo Aganze alikuwa anamwuliza Mugisho, "Munaisha?" naye alikuwa ameinua kichwa kumjibu. Kisha akafunga bisi, akasema, "Achiya." Nilikuwa nimekwisha kuachia, naye alikuwa ametazama pembeni. Nilitakiwa kusema, "Turudie." Ni neno moja, na kazi ya dakika mbili. Lakini ningefungua mdomo kilio kingetoka, na nilikuwa na kiburi cha miaka ishirini na miwili. Sikutaka anione nalia juu ya ng'ombe za baba yake. Etriye ikafungwa mahali pake. Nikafinya mara mbili tatu, mkono wa breki ukawa mgumu kiasi. Muzee, ambaye kwa kawaida alikuja kufinya mwenyewe na kusikiliza, alikuwa anatazama mawingu. Nikasema, "Iko muzuri."

Zamu ya mteremko ilikuwa yangu. Nilimwambia Muzee kichwa kinaniuma, siwezi kushuka. Nimejiuliza maisha yangu yote kama katika dakika ile nilijua. Nikiwa na siku nzuri najibu kwamba sikuifikiria breki hata kidogo, nilifikiria tu mahali pa kwenda kulia. Nikiwa na siku mbaya sijibu. Muzee alinigusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja. "Kaa, mutoto wangu," akasema. "Nitapanda miye." Akafunga vifungo vya koti lake, akapanda nyuma ya Aganze, amekaa wima kama mtu anayekwenda misa.

Sikuona lilivyotokea. Niliona watu wanapanda kilima kwa miguu, haraka, na Aganze katikati yao akichechemea. Alieleza kwamba alipofinya mara ya kwanza breki ilishika, mara ya pili pia. Alipofika kona ya chini akafinya na kushikilia, mkono wa breki ukaingia mpaka kwenye usukani kama hauna kitu ndani. Akakanyaga breki ya nyuma, matone ya kwanza yalikuwa yameshalowesha udongo, pikipiki ikalala. Yeye alichubuka magoti. Muzee aliangukia mkono wake wa kulia, kwenye mawe ya mfereji. Walimpeleka hospitali huko Ibanda, na madaktari wakafanya yote waliyoweza, na mfupa ukaunga. Lakini vidole vitatu havikufunga tena. Mtu aliyeweza kugusa chuma na kusema kimezidi kwa unene wa unywele hakuweza tena kushika kijiko. Bugali ya siku ile ilikaa chini ya sahani hadi kesho yake, ikawa ngumu, Maman Vumilia akawapa kuku.

Alirudi nyumbani baada ya siku chache. Tulisimama mbele ya kitanda chake, Mugisho na mimi, katika chumba kidogo chenye rozari msumarini na redio inayoongea polepole. Muzee hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliuliza kama mtu anayeuliza mahali ufunguo ulipo: "Hewa iliingilia wapi?" Nikavuta pumzi. Nilikuwa naenda kusema, naapa nilikuwa naenda kusema. Mugisho akanitangulia. "Ni miye, Muzee. Aganze aliniongelesha, nikachelewa kufunga bisi." Nilimgeukia. Alikuwa anatazama sakafu. Na pale nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: ameona. Ameona vidole vyangu vikifunguka, na ananifunika, kwa sababu anajua mafundi wote wa Kadutu wanangoja kusikia kwamba mwanamke ameua mkono wa Muzee. Nilimpenda dakika ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote, kabla au baadaye. Kisha nikafunga mdomo wangu, nikamwacha abebe.

Muzee hakumfukuza. Mugisho alijifukuza mwenyewe. Kesho yake asubuhi aliweka nguo zake kwenye mfuko, akampa Maman Vumilia mkono, akaja kunikuta kwenye kibao changu. "Ubakiye na Muzee," akasema. "Anahitaji mukono." Nikamwuliza, "Na weye?" Akasema, "Miye ninarudia kwetu." Ningeweza kusema mambo mengi. Lakini maneno ya ukutani yalikuwa bado yananichoma, na nikasema kwa ubaya, "Kwenda basi. Ngombe zinakungojea." Alinitazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya kigeni. Alifungua mdomo, akaacha. Akainama kwenye mlango, akaenda.

Nilibaki. Nikawa mkono wa kulia wa Muzee kwa miaka tisa, yeye anasema, mimi nafanya, na mara nyingi katikati ya kazi alikuwa anasema, "Ule kijana alikuwa na masikio. Sijuwe nini ilimupata ile siku." Mimi nilikuwa napiga tupa. Nilimzika Muzee, nikamzika Maman Vumilia, na sikusema. Kazi ya disiki ikanipa jina. Na kila baada ya wiki kadhaa alitokea mteja wa Walungu akisema, "Fundi wetu ametutuma kwako." Hamjui maneno hayo yalinifanyia nini. Nilikuwa na mume, mtu mwema, nilikuwa na watoto, na bado nilizipokea pikipiki zile zenye matope kama barua. Niliamini kwamba Mugisho anajua, na kwamba kwa kujua huko ananitumia watu hawa, mmoja baada ya mwingine, kuniambia hana kinyongo. Walungu ni safari ya asubuhi moja. Sikuenda hata mara moja. Nilijiambia ninamheshimu mke wake, na hiyo pia ilikuwa breki ya uongo.

Nilikwenda alipokufa. Nilipanda pikipiki yangu, nikafunga nyuma sukari na sabuni, nikafika wakati kilio kimeanza kupungua watu. Nje wanaume wachache walikuwa kwenye mabenchi. Ndani, kwenye mkeka, alikuwa mjane, mwanamke wa umri wangu, mwembamba. Mtoto wao mkubwa ni Faida, kwa hiyo yeye ni Maman Faida. Alikuwa anachambua maharage, nadhani kwa sababu mikono ilihitaji kitu. Alinionyesha kiti, nikakataa, nikakaa chini naye. Nikamtajia jina langu. "Maman Frein," akasema. "Alikuwaka anakuongelea." Nikamwuliza alisema nini. Mungu anisamehe, katika kilio cha mtu nilikuwa nataka kusikia sifa yangu.

"Alisema muko na mukono muzuri," akajibu. "Alisema yeye frein hawezi igusa tena, juu alivunjaka muzee wa watu. Moteri, munyororo, byote alitengeneza. Frein, hapana. Hata ya pikipiki yake mwenyewe. Akikumbuka ile bisi, hakulake chakula. Anasema tu: nilichelewa, Maman Faida, nilichelewa kufunga. Hata sasa mwisho, na homa, alikuwa anafunga kitu hewani. Hivi." Akanionyesha, kidole gumba na cha shahada vikizungusha ufunguo ambao haukuwepo.

Nilitazama vile vidole. Hakuwa ameona. Hakunifunika hata sekunde moja. Mbele ya kile kitanda alisema kweli kama alivyoiamini, kijana mnyofu aliyedhani amechelewa kidogo tu, na mimi nikamwachia ile nusu sekunde yangu atembee nayo karibu miaka ishirini. Wateja wale hawakuwa barua. Aliwatuma kwangu kwa sababu alikuwa anaogopa. Kila mara nilipofurahi kuona matope ya Walungu kwenye gurudumu, mahali fulani mtu alikuwa ametoka kuweka ufunguo chini na kusema, hiyo mimi siigusi.

Nikamwuliza, ingawa sikuwa na haki ya kuuliza, kama ndiye mke waliyemtafutia Mugisho kwao mwaka ule. Maman Faida akatabasamu kidogo, bila furaha. "Ni miye. Lakini alikuwa amenikataa. Mara mbili. Baba yake alifika mpaka Bukavu kumwambia ngombe ziko tayari, akamujibu: huku kuko mutu wangu. Sisi tuliisha kuacha ile maneno. Kisha siku moja akarudi na mufuko yake, hasemi, hakule. Baba yake akamuuliza tena, akasema, sawa." Maharage yakaanguka kwenye sufuria, moja, mbili. Nilikumbuka alivyonitazama nilipomtajia ng'ombe, mdomo wazi, na nikajua ni neno gani lililokuwa linataka kutoka.

Basi nikasema. Nilisema yote, ukuta, jirani, vidole vyangu, "iko muzuri," kichwa kilichoniuma. Nikamwambia, "Si yeye alichelewa, Maman Faida. Ni miye niliachia." Sikuweza kutazama uso wake, niliyatazama maharage. Aliendelea kuchambua, kisha mikono yake ikatulia. "Sasa hii," akasema polepole, "miye nitaifanya nini? Mwenye alikuwa anaihitaji alisha kwenda." Nililia. Alinitazama nikilia bila kunigusa, na alikuwa na haki.

Baada ya muda akainuka. "Kuya," akasema. Nyuma ya nyumba pikipiki ya Mugisho ilikuwa imefunikwa kwa magunia. Ilikuwa ya siku hizi, yenye disiki kutoka kiwandani. Nikafinya mkono wa breki, ukaingia wote, laini. Tangu alipoanza kuugua hakuna aliyeipeleka Bukavu. Maman Faida alisimama kando yangu, kitambaa cha kilio kichwani, akitazama lile gurudumu. "Nionyeshe," akasema. "Vile muko munafanya. Nataka nione hii kitu."

Nikamwambia kwa etriye kama hii mtu mmoja anatosha. Akasema, "Hapana. Vile mulikuwa munafanya." Akapanda, akakaa kwenye pikipiki ya mumewe. Nilitoa ufunguo wa nane kwenye koti, nikapiga magoti chini, upande wa Mugisho, upande ambao mwaka ule sikuwahi kukaa. Nikamweleza: finya mara tatu, shikilia, sema minakamata, na usiachie mpaka usikie. Akafinya. "Minakamata," akasema. Nikafungua bisi. Mafuta yakatoka, meusi, na mapovu mengi. Nikafunga, nikahakikisha nimefunga. Lilibaki neno moja tu, achiya, neno ambalo mwaka mzima lilitoka kwenye kinywa cha Mugisho na si changu, na nilipolitafuta halikuja. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikafungua tena. Juu yangu Maman Faida akaongeza mkono wa pili kwenye breki. Hakuachia. Nilikuwa nimemwambia angoje, naye akangoja.